Mchagua Seli

Benki ya damu haina makuu. Ukiingia katika ile ya hospitali ya rufaa ya Garissa, au nyingine yoyote kuanzia Mandera hadi Lamu, utakuta jokofu, meza, kigae cheupe na chupa tatu ndogo. Ya kwanza ina maji ya buluu, ya pili ya manjano, ya tatu hayana rangi. Tuseme mama ameletwa usiku kutoka kijiji cha mbali, amejifungua na damu haikatiki. Ndugu zake wako nje, wameshakunja mikono ya mashati. Mtaalamu wa maabara anadondosha tone la kila chupa juu ya kigae, anaweka tone la damu kando ya kila moja, anakoroga kwa kijiti, kisha anakiinua kigae na kukiyumbisha taratibu chini ya taa. Sekunde chache za kwanza hakuna jipya. Halafu, kwenye buluu, wekundu ule laini unaanza kukatikakatika. Zinatokea chenga, chenga zinashikana zinakuwa mabonge, na maji yanayoyazunguka yanatakata. Kwenye manjano damu imetulia vilevile ilivyokorogwa. Mama ni kundi A. Sasa utafutwe mfuko unaomfaa.

Ni jambo la kila siku, na la kila siku halina mwulizaji. Lakini maji yale yametoka wapi? Jibu lake ni mojawapo ya kazi nadhifu kabisa za mikono katika sayansi ya karne iliyopita, na sehemu ya mwanzo wake ilifanyika huku kwetu, Kampala na Nairobi.

Ndani ya chupa mna kingamwili. Hii ni protini yenye umbo la herufi Y, na ncha zake mbili za juu zimefinyangwa kushika kitu kimoja tu. Ile ya chupa ya buluu inashika alama ya kundi A iliyoko juu ya seli nyekundu za damu, basi. Mwilini, kingamwili hutengenezwa na seli nyeupe ziitwazo seli B, na kila seli B hujua kutengeneza aina moja peke yake. Mtu aliyepona ugonjwa hubaki na koo nyingi za seli hizo, kila ukoo na mtindo wake, na damu yake inakuwa mchanganyiko wa kazi zao zote. Mchanganyiko huo una manufaa yake. Mafuriko ya 1997 na 1998 yalipoleta homa ya Bonde la Ufa kaskazini mashariki, ni kingamwili zilizokutwa katika damu za watu ndizo zilizowawezesha watafiti kukadiria kwamba watu 27,500 hivi waliambukizwa katika wilaya ya Garissa peke yake.

Anayetengeneza kipimo, hata hivyo, hawezi kutegemea mchanganyiko unaobadilika kutoka mtu hadi mtu. Karl Landsteiner alieleza makundi ya damu huko Vienna mwaka 1901, na kwa miaka themanini hivi baada yake maji ya chupa zile yalitokana na damu za wafadhili: huyu ana kingamwili kali, yule hafifu, mwingine amehama mji. Kilichotakiwa ni aina moja, ileile leo na miaka ishirini ijayo, na isiyopungua. Kikwazo kilikuwa hiki: seli B inayoijua kazi, ukiitoa mwilini na kuiweka chomboni, hufa baada ya siku chache. Seli ya saratani haifi maadamu inapata chakula na joto, lakini kazi unayoitaka haiijui. Historia ya chupa zile ni ya watu waliotaka umri wa ya pili na ujuzi wa ya kwanza.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliokuwa ukiwashika watoto wa Uganda na kukua kwa kasi ya kutisha. Machi 1961 alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi, ambaye hapohapo alishuku kwamba kuna kirusi nyuma ya uvimbe huo. Vipande vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Miaka miwili ikapita bila kuonekana kitu. Tarehe 5 Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu wa London ikatua Manchester, na kipande kilipomfikia Epstein saa nyingi baadaye, maji yaliyokibeba yalikuwa yamechafuka. Katika maabara, maji yaliyochafuka maana yake ni bakteria, na bakteria maana yake ni kumwaga. Yeye alichukua tone akaliweka chini ya hadubini kwanza. Uchafu ule ulikuwa seli hai, zimebanduka kwenye uvimbe kwa mtikisiko wa safari, zinaelea peke yake. Kuanzia hapo akaacha kuzikuza zikiwa zimeshikamana na chombo, akaziacha zielee. Yeye na Yvonne Barr walipata ukoo wa seli unaodumu, na mwaka 1964, pamoja na Bert Achong, wakatangaza kirusi kinachoitwa leo Epstein–Barr.

Kuangalia kabla ya kumwaga: sifa hiyo itarudi tena mara kadhaa katika habari hii.

Nairobi nako kazi ilikuwa ikiendelea. Peter Clifford, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Kenyatta, alishirikiana na Eva na George Klein wa taasisi ya Karolinska, Stockholm. Mwaka 1967 sampuli ya kijana wa Kenya mwenye uvimbe ule, uitwao saratani ya Burkitt, ilizaa ukoo wa seli ulioitwa Daudi, ambao mpaka sasa unakuzwa katika maabara za dunia nzima. Mwaka uliofuata Eva Klein na wenzake walionyesha kwamba seli za uvimbe, zikiwa bado kwa mgonjwa na hata baada ya kukuzwa chomboni, zilibeba juu yake kingamwili ya aina moja, ile iitwayo IgM. Mwaka 1966 John Fahey na wenzake, huko Marekani, walikuwa wameshaeleza katika jarida la Science kwamba koo za seli za binadamu, zikiwamo za saratani ya Burkitt, huendelea kuunda kingamwili zikiwa ndani ya chupa, mbali na mwili wowote.

Saratani, kumbe, haikuifuta kazi. Iliifuta breki. Namna ilivyofanya hivyo ilifahamika mwaka 1982, na ni mantiki ya kusikitisha. Seli B, ili iunde kingamwili yake, hukata vipande vya DNA yake na kuviunganisha upya. Ni seli chache mwilini zinazojichezea hivyo. Katika saratani ya Burkitt, ambayo ni ya seli B, kwa kawaida mkato mmoja umekwenda kombo: kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC, inayoihimiza seli igawanyike, kimehamia kwenye kromosomu ya 14, ubavuni mwa swichi inayowasha kingamwili. Na swichi hiyo, ndani ya seli B, huwa imewashwa. Bidii ya kutengeneza kingamwili ikageuka kuwa bidii ya kuzaana.

Hata hivyo Daudi ilitengeneza ilichojua yenyewe. Huwezi kuiagiza ishike alama ya kundi A. Kuagiza kuliwezekana mwaka 1975, Cambridge, katika maabara ya César Milstein, Mwajentina, na Georges Köhler, Mjerumani. Walichukua panya aliyedungwa damu ya kondoo, wakatoa wengu wake, ambamo seli B zilikuwa zimejifunza kushika seli nyekundu za kondoo. Kisha wakachukua seli za mayeloma ya panya, saratani ya seli zinazounda kingamwili. Wakaziyeyusha tando zao pamoja, mbili zikawa moja. Mtoto aliyezaliwa, haibridoma, alirithi ujuzi wa wengu na umri wa saratani. Makala ilitoka katika Nature mwezi Agosti. Mwaka 1984 walipewa tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Hataza hawakuichukua, na kwa sababu hiyo mbinu ilisambaa upesi hadi maabara zisizo na fedha nyingi.

Wengi husifu wazo la kuunganisha. Mimi navutiwa zaidi na kinachofuata, kwa kuwa kuunganisha kwenyewe ni vurugu. Seli za wengu zinaungana na seli za wengu, mayeloma na mayeloma, na nyingi haziungani na chochote. Katika bomba lenye mamilioni, zile zilizooana inavyotakiwa ni chache mno. Fundi atazipataje?

Hila ni ya chakula. Seli ina njia mbili za kupata matofali ya DNA: kuyafyatua upya, au kuyaokota kutoka kwenye mabaki. Mayeloma inayotumika imechaguliwa makusudi kwa ukilema wake: haina kimeng'enya cha kuokota. Chakula cha seli kinatiwa aminopterini, dawa inayofunga njia ya kufyatua. Mayeloma iliyobaki peke yake imefungiwa kote, inakufa. Seli za wengu zinajua kuokota, lakini hazina umri, nazo zinakufa. Iliyooana inaokota kwa urithi wa upande mmoja na kuishi kwa urithi wa upande mwingine. Hakuna aliyenyoosha kidole kuitenga. Njaa imefanya kazi.

Tusogee mezani. Seli za aina mbili zimezungushwa kwa mashine hadi zikatulia chini ya bomba, kidonge kidogo cheupe. Fundi anamwaga maji yaliyo juu, anagonga kitako cha bomba kwa kidole kuzilegeza zile seli zilizokandamana, kisha anaongeza polietilini glaikoli, maji mazito yenye utelezi, tone baada ya tone kwa muda wa dakika moja, huku ncha ya pipeti ikikoroga polepole. Dawa hiyo ndiyo inayozifungua tando za seli, nayo ni sumu. Ukiharakisha hazishikani; ukichelewa zinakufa zote. Kisha anaizimua kwa chakula cha seli, mililita ya kwanza kwa dakika nzima, nyingine kwa kasi kidogo, mpaka hatari ipite. Hakuna kengele inayolia. Kuna saa ya ukutani na mkono usiotetemeka.

Mchanganyiko unagawanywa kwenye visahani vyenye vishimo 96, kila kimoja na upana wa milimita sita hivi, na kuwekwa kwenye kabati la joto la nyuzi 37 lenye hewa iliyotiwa kaboni dioksaidi. Siku tatu nne zinazofuata ni za vifo. Ukitazama kwa hadubini unaona takataka: seli zilizosinyaa, nyeusi, vipande vya seli. Anayeanza kazi hii hukata tamaa hapo. Mzoefu anafunga kabati. Baada ya wiki moja, kando ya kishimo, inaonekana kishada: seli za mviringo, zenye ukingo unaong'aa, zimebanana zikigusana mabega. Siku mbili tatu baadaye jicho tupu linatosha, kwa maana wekundu wa chakula kwenye kishimo hicho umeanza kwenda manjano; wakazi wamekula na kutoa tindikali. Akiwa na shaka kama seli zi hai, anachanganya tone na rangi ya buluu iitwayo trypan, ambayo zamani ilitumika kutibu ng'ombe wenye ugonjwa wa kupe. Seli iliyokufa inaipokea rangi. Iliyo hai inaikataa.

Sasa anapima maji ya kila kishimo. Kama anatafuta ya kundi A, analeta damu ya kundi A, na ya B, na ya O, anaangalia ipi inagandana. Vishimo vingi havina kitu. Vingine vinagandisha kila damu, havifai. Kimoja au viwili vinashika A na kuachia nyingine, na katika hivyo kimoja kinashika haraka zaidi. Lakini kishimo hicho kinaweza kuwa na koo mbili au tatu pamoja. Kwa hiyo anazimua seli zake mpaka hesabu inasema kila kishimo kipya kitapata seli moja au kisipate kitu. Na kidole kimoja hakivunji chawa: seli moja katika maji matupu haistawi, kwa hiyo anaziwekea seli za kuzisindikiza, ambazo hazitazaana lakini zinatoa vichocheo vinavyoihimiza ile moja igawanyike. Kesho yake anakagua kishimo kimoja kimoja kuhakikisha ni seli moja kweli. Ukoo ukikua, anapima tena, anazimua tena, anaanza upya. Hufanya hivyo mara mbili au tatu kabla ya kuuamini.

Wala hapo hajamaliza. Haibridoma imebeba kromosomu za seli mbili, mzigo mkubwa, na kila inapogawanyika inaweza kudondosha baadhi. Ikidondosha zile zenye jeni za kingamwili, inaendelea kuishi, tena kwa raha kuliko wenzake, kwa sababu haitumii nguvu kutengeneza kitu. Mfugaji wa Garissa hashangai kusikia hivyo: ngamia aliyekauka hunenepa, anayekamwa hukonda, na asiyejua kutofautisha atasifu kundi lake siku ile ile maziwa yanapokatika. Vivyo hivyo chomboni. Seli zimejaa, zinang'aa, chakula kinageuka manjano upesi kuliko juzi, na ndani ya maji kingamwili imepungua nusu. Fundi anayeridhika na wingi ameshapoteza ukoo wake. Dawa ni kupima kila mara, kuchagua upya zinazotoa, na kugandisha akiba mapema: seli zinatiwa kinga ya barafu, zinapoozwa kiasi cha nyuzi moja kwa dakika, kisha zinazamishwa katika naitrojeni ya majimaji yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Huko zinakaa miaka.

Waswahili tunasema mchagua jembe si mkulima. Katika ufundi huu, asiyechagua ndiye asiyelima.

Hata waasisi walionja joto la jiwe. Baada ya makala ya 1975, maabara ya Cambridge ilipitia kipindi kirefu ambacho majaribio yalikataa kabisa, mpaka watu wa nje wakaanza kunong'ona. Ni Giovanni Galfrè aliyekuja kugundua kwamba dawa mojawapo waliyokuwa wakiitia kwenye chakula cha seli ilikuwa na sumu. Nadharia haikuwa na kasoro. Chupa moja rafuni ndiyo iliyokuwa nayo.

Seli za panya zikatosha kwa chupa ya buluu na ya manjano. Ile isiyo na rangi, inayoshika alama ya RhD na kuamua kama damu ni chanya au hasi, ilileta ubishi, kwa kuwa panya hakubali kwa urahisi kutengeneza kingamwili ya alama hiyo. Ilibidi kurudi kwa binadamu. Mwaka 1980 Lennart Olsson na Henry Kaplan wa chuo kikuu cha Stanford waliunganisha seli za wengu za binadamu na mayeloma ya binadamu, iliyotokana na ukoo uitwao U-266 uliokuzwa kwanza Uppsala, Sweden. Ilikuwa hatua kubwa, lakini mayeloma za binadamu ni chache, zinakua kwa kusuasua na kutoa kidogo. Mwaka 1983, London, Dorothy Crawford na wenzake wakapita njia nyingine: walichukua seli B za mtu aliyekuwa na kingamwili ya RhD wakaziambukiza kirusi cha Epstein–Barr. Kirusi hicho huingia katika seli B na kuzilazimisha zizaane, ndiyo tabia yake iliyoonekana katika seli zilizotoka Kampala. Safari hii kililazimishwa kufanya kazi yenye faida. Baadaye wataalamu waliziunganisha seli za namna hiyo na mayeloma ya panya ili zidumu, na kingamwili nyingi za RhD zinazotumika katika benki za damu leo zina asili hiyo. Kirusi kilichojulikana kwa kuua watoto wa Uganda kimekuwa na mkono katika kila mfuko wa damu unaopimwa namna hii, Garissa ikiwamo.

Inafaa kusemwa pia kwamba koo kama Daudi, au Namalwa ya Uganda, ambayo kampuni ya Wellcome iliikuza katika mapipa makubwa kutengenezea dawa ya intaferoni, zilitoka kwa watoto na vijana wagonjwa wa Afrika Mashariki, katika zama ambazo ruhusa ya mgonjwa haikuwa na uzito ilio nao sasa. Seli zilisafiri, zikapewa namba katika katalogi, zikauzwa. Ufundi unaosifiwa hapa una deni hilo, na kulitaja hakuupunguzii heshima.

Ufundi wenyewe ulirudi huku mapema kuliko watu wanavyodhani. Kabete, nje kidogo ya Nairobi, ilianzishwa mwaka 1973 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, ILRAD, ambayo leo imo ndani ya ILRI. Kufikia 1980, miaka mitano tu baada ya Cambridge, watafiti wake walikuwa wakichapisha habari za kingamwili walizozitengeneza wenyewe kutofautisha vimelea vya ndigana kali ya ng'ombe. Na kaskazini walikuwa na mteja mwenye shida: ngamia.

Wafugaji wa Wajir, Mandera na Garissa wanaijua surra. Mvua zikinyesha, pange wanazagaa, ngamia anang'atwa. Baada ya muda ana homa ya kuja na kuondoka, nundu inalegea, mwenye mimba anaitupa. Wako wafugaji wanaoitambua kwa harufu ya mkojo. Hadubini mara nyingi haisaidii, kwa sababu kimelea chake, trypanosoma, hujitokeza kwenye damu siku hii na kutoweka siku ile. Tena kimevaa koti la protini ambalo hulibadilisha kila kinga ya mwili inapolizoea. Kingamwili inayoshika koti la leo haina maana kesho.

Vinand Nantulya, mwanasayansi wa Uganda aliyekuwa ILRAD, alitafuta kati ya haibridoma ile ambayo kingamwili yake inaliacha koti na kushika sehemu ya kimelea isiyobadilika, sehemu ambayo mabaki yake hubaki katika damu hata kimelea chenyewe kisipoonekana. Mwaka 1989, akiwa na wenzake akiwamo Olaho-Mukani wa taasisi ya utafiti wa malale ya Kenya, walieleza vipimo viwili vya kuikamata surra kwa ngamia. Mwaka 1994 kikafuata Suratex: chembe ndogo mno za mpira zimepakwa kingamwili hiyo, unachanganya na tone la seramu kwenye kadi, unaiyumbisha. Chembe zikigandana, ngamia ana surra. Kipimo kinachoweza kusomwa chini ya mgunga, bila umeme.

Haikuwa muujiza. Watafiti walioijaribu kwa ngamia wa Kenya walikuta inawapita wagonjwa wengi, kama walivyoripoti mwaka 2003. Kushika kitu sahihi ni sehemu moja ya kazi. Kukishika kinapokuwa kidogo sana ni sehemu nyingine, na hapo fundi hana budi kurudi kwenye visahani vyake kutafuta kingamwili nyingine inayoshika kwa nguvu zaidi.

Utafiti wa surra ulizaa jambo jingine ambalo hakuna aliyelitafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika chuo kikuu cha Vrije Universiteit Brussel, Ubelgiji, wanafunzi walihitaji damu ya kufanyia zoezi la kutenganisha kingamwili. Katika friza kulikuwa na seramu ya ngamia iliyobaki kutoka utafiti wa trypanosoma. Walipoitenganisha, mbali na kingamwili za kawaida, ilitokea mistari ya ziada, myepesi mno. Rahisi kusema seramu imeharibika kwa kukaa. Raymond Hamers hakuimwaga. Mwaka 1993 yeye, Cécile Casterman na wenzao walitangaza katika Nature kwamba ngamia, pamoja na jamaa zake wa Amerika Kusini, ana kingamwili za aina yake, zisizo kabisa na mnyororo mwepesi ambao kingamwili za kawaida huwa nao. Ncha yake ya kushikia, ukiikata, ina moja ya kumi ya uzito wa kingamwili ya kawaida, inavumilia joto, na bakteria wa kawaida wanaweza kuitengeneza. Dawa ya kwanza ya namna hiyo, caplacizumab, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2018.

Basi je, seli ya saratani imestaafu? Kwa kazi hii, ndiyo. Jeni za ngamia zinapandikizwa kwenye virusi vya bakteria, mamilioni kwa mamilioni, kila kirusi kikibeba ncha moja. Zote zinamwagwa juu ya kitu unachotaka kishikwe, kisha unaosha. Zilizoshika kwa ulegevu zinakwenda na maji. Unazizalisha zilizobaki, unamwaga tena, unaosha kwa ukali zaidi. Saratani ilikuwa inatoa umri tu; umri sasa unapatikana kwa bei nafuu. Kuchagua kumebaki palepale, na bado kunafanywa na mtu aliyekaa kwenye kiti.

Kenya ina ngamia zaidi ya milioni 4, na wengi wao wako kaunti za kaskazini. Garissa ina chuo kikuu chenye hati kamili tangu 2017. Vifaa vya kuanzia si vya ajabu: kabati la hewa safi, kabati la joto, friza, hadubini nzuri na umeme usiokatika, ambao kwa hakika ndio ghali kuliko vyote. Kingine ni mtu anayeweza kukaa wiki sita na vishimo mia kadhaa, asidanganywe na kilichonenepa, asitupe kilichochafuka kabla ya kukitazama, na ajue kila siku ni yupi anayetoa na yupi amekauka. Katika nchi ya wafugaji, watu wa namna hiyo si haba.